Gia Kumi za Mzee Oyat

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Erinayo Oyat atavua mkoba wa tarishi na kustaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha uchapaji hapa Kamwokya kwa miaka thelathini na miwili. Ameomba wasifu huu uandikwe kwa Kiswahili, lugha ya kambi ya jeshi alikokulia, ambayo mpaka leo ndiyo anayoigombezea baiskeli yake. Tumekubali, maana kumkatalia Mzee Oyat ni kazi ambayo bado haijapata mtu.

Alianza kazi mwaka 1993, akipeleka kurasa za majaribio kwa wateja na kuzirudisha zikiwa zimejaa masahihisho. Boda boda zilipoenea mjini, kiwanda kilimruhusu azitumie. Alipanda moja, mara moja tu, akarudi akilalamika kwamba dereva ana maneno mengi. Tangu hapo hatukumwona tena juu ya kitu chenye injini saa za kazi. Alibaki na baiskeli yake ya mashindano, ya chuma tupu, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo na gia sita nyuma, aliyoachiwa na mwalimu mmoja aliyerudi kwao Ulaya.

Wengi wenu mnakumbuka siku alipopeleka kadi za harusi Ntinda mvua ikimwagika. Alizifunga kwa koti lake mwenyewe, akafika kalowa chapachapa, kadi zikiwa kavu kama unga. Bibi harusi alifurahi akamwalika papo hapo. Siku ya sherehe mzee alicheza mpaka bwana harusi akaanza kuuliza huyu ni mjomba wa upande gani.

Kwa miaka yote hiyo alituhubiria jambo moja: mlima hupandwa kwa goti, gia ni za wavivu. Mwaka huu goti lake la kulia likachoka na mahubiri. Daktari alimwambia achague, aache milima au atafute gia nyepesi. Kuacha milima akiwa Kampala ni sawa na kuhama, na Mzee Oyat alikuwa na sababu nyingine ya kutotaka kuegesha baiskeli.

Sababu yenyewe ni Gulu, kwao kaskazini. Aliondoka huko akiwa mtoto, baba yake alipohamishiwa kambi ya Kampala, na safari nzima alilala ndani ya lori la jeshi chini ya turubai, katikati ya vitanda na masufuria. Tangu hapo amerudi nyumbani mara nyingi, kwa misiba na sikukuu, lakini daima kwa basi la usiku, kwa sababu likizo ya tarishi ni fupi. Karuma, penye daraja la kuvuka maporomoko ya Nile, anaijua kwa sauti ya maji tu. Alijiapia kwamba akistaafu ataiendesha njia hiyo mchana kweupe, mji kwa mji, aione kwa macho yake kabla hayajaingia ukungu.

Mkewe, Mama Filda, hakutaka kusikia. Na sisi, tusijitakase, tulikuwa upande wake. Desturi ya kiwanda hiki inajulikana: anayestaafu hupewa kiti kikubwa cha kuegemea, nacho hubebwa na wafanyakazi wenzake mpaka sebuleni kwake. Mzee Oyat amesaidia kubeba viti vingi. Anasema hajaona hata mmoja wa waliovikalia akiinuka tena vizuri. Fundi wa samani alikuwa tayari amepima kitambaa pale Mama Filda alipotoa sharti mbele ya kamati nzima ya kumuaga: "Kama goti yake inapanda Kololo bila kuweka mguu chini, aende Gulu. Ikishindwa, anakalia kiti."

Hapo ndipo mhubiri alipoongoka. Alinunua rundo la gia kumi, kubwa lao nyuma likiwa pana kama sahani ya chai. Halikuingia kwenye gurudumu la zamani. Akatafuta gurudumu jipya, nalo likakataa kuingia kwenye fremu, kwa kuwa fremu ilitengenezwa enzi za gia chache na mkia wake ni mwembamba. Aliipeleka Katwe kwa Saverio, fundi wa mageti, ambaye aliingiza jeki ndogo katikati ya vyuma viwili vya nyuma akaanza kuvitanua taratibu. Mzee Oyat aligeukia ukuta mpaka aliposikia gurudumu likitumbukia mahali pake. Kisha akaweka kibadilisha gia kipya chenye mkono mrefu, na vishikizo vya zamani vya kuvutia gia akavibakiza kwa heshima.

Ilibaki cheni. Guerschom, mkataji wetu wa karatasi, alijitolea kwa moyo mweupe. Chumba chake kina sheria moja, kwamba kila kipya hukatwa sawa na sampuli. Basi alilaza cheni ya zamani mezani, akalaza mpya pembeni, akaikata pasi na tofauti. Mzee Oyat alipoijaribu uani, mbele yetu sote, na kuingiza ile gia pana, cheni ilikosa urefu wa kuizunguka. Ilikaza kama kamba ya mbuzi, gurudumu likagoma, naye akalala ubavu juu ya marobota ya karatasi taka. "Lakini nilikata sawasawa na ile ya zamani," alisema Guerschom, na machozi yalikuwa karibu. Mama Filda aliuliza tu kiti kitakuwa cha rangi gani.

Guerschom mwenyewe ndiye aliyekwenda Katwe kutafuta cheni nyingine. Safari hii aliizungusha kwenye meno makubwa ya mbele na ya nyuma kwanza, akaongeza pingili, ndipo akakata.

Jumamosi iliyopita tulipanga mstari kandoni mwa barabara ya kupanda Kololo. Mwenda pole hajikwai, lakini huu ulikuwa upole wa kutia wasiwasi. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani alimpita, akamsalimu, akaendelea. Mzee Oyat hakuinuka kitini wala hakututazama, miguu ilizunguka tu, myepesi, na goti lile likapanda na kushuka bila malalamiko. Mama Filda alitembea kando yake tangu chini, akiutazama mguu wa kulia. Karibu na kilele alifungua chupa ya maji akampa, na mzee akaipokea bila kusimama. Hapo mama alituambia tumrudishie fundi kitambaa chake. Baadhi yetu tulilia, na mwandishi wa wasifu huu ni mmoja wao.

Mzee Oyat, asante kwa kila ukurasa uliofika mkavu, kwa vicheko vya uani na kwa ukaidi wako wote. Jumatatu asubuhi unaondoka. Tunakuombea goti tulivu, upepo wa nyuma na uzee mtamu wewe na Mama Filda. Safari hii hupeleki mzigo wa mtu, na hakuna anayekusubiri urudi kabla ya saa kumi. Ukifika Karuma, shuka, simama darajani, uyatazame maji mpaka utosheke.

Akumu, kwa niaba ya wafanyakazi wote