Mpira Ulioanguka Kati ya Mirriam na Wacuka

Zimeni hiyo redio, wanangu, mje mketi mahali ninapoziona nyuso zenu. Mbithi, mwanangu, acha kutazama saa, kazini wanajua mama yako anakufa. Teresiah, binti yangu, sogeza kiti. Na wewe Mirriam, mke wa mwanangu, weka bakuli chini uendelee kunikanda mguu; uji nitaumalizia baadaye, kama bado utataka kuninywesha.

Mali kwanza, maana najua hamtasikia lolote lingine kabla ya hiyo. Nyumba hii ya Kaloleni ni ya baraza la jiji, msiigombanie. Cherehani ni ya Teresiah. Shamba la Kangundo mtagawana nusu kwa nusu, na baba yenu mdogo Nyamai akileta maneno ati binti harithi, mwambieni mimi, Kalekye, nimeacha habari kuhusu yule mama wa Makadara. Atanyamaza mwenyewe, hata chai hatamaliza.

Hayo yamekwisha. Sasa nisikilizeni, kwa sababu neno linalofuata nimekaa nalo miaka kumi na miwili.

Mnajua niliingia chuo cha ualimu nikiwa mpishi, na darasa la nne langu, na kila jioni nilisimama kando ya uwanja na mwiko mkononi nikiwakosoa wasichana, kwa kuwa voliboli niliicheza na wake wa watu wa reli hapa nyuma ya holi, nikiwa na mimba yako, Mbithi, hadi mwezi wa tano. Mwaka wa sabini na sita kocha mwenye cheti akahamishwa, na mkuu wa chuo, mama mkali huyo, akaniambia nishike timu mpaka fainali: nikishinda atanipa barua ya kocha mkuu, nikishindwa nirudi kwa sufuria na sauti yangu isisikike tena uwanjani.

Makocha wengine walifundisha kwa vitabu. Mimi nilifundisha kwa umbea. Nilikwenda soko la Jericho, nikakaa kwa mama muuza nyanya, nikauliza nani katika timu ya wapinzani hasemezani na nani, kisha nikawaambia wasichana wangu: pigeni mpira katikati ya hao wawili. Watu waliokosana hakuna anayeita “wangu”. Kila mmoja atamwachia mwenzake, na mpira utaanguka hivi hivi wakiutazama. Mechi sita tulishinda namna hiyo.

Lakini timu tuliyopangiwa fainali ilikuwa na wewe, Mirriam, pamoja na Wacuka. Mlilala chumba kimoja, mkisukana nywele, mkivaa sweta moja kwa zamu, na mmoja akiita mpira mwingine alikuwa ameshampisha. Niliuliza Jericho yote, nikafika hata Huruma. Hakuna ugomvi. Siku kumi zilikuwa zimebaki, basi huo ugomvi nikautengeneza mimi.

Mbithi, keti. Nimesema keti.

Nilimwambia mama wa nyanya ati Mirriam ameonekana mara mbili akitoka kwa Gachanja, yule karani mchumba wa Wacuka, amejifunika leso usoni. Nilisema polepole, kama mtu asiyetaka kusema, nikamwapisha asimwambie mtu, nikijua kiapo hicho ndicho kitakachomkimbiza nyumba kwa nyumba. Kufikia Jumatano habari zilikuwa chuoni kwenu na zimeongezewa mimba. Wacuka akakupiga kofi mbele ya bweni zima, nawe hukujua kwa nini. Jumamosi, seti ya mwisho, kumi na nne kwa kumi na tatu, tuliupiga katikati yenu, na nyote wawili mkasimama. Niliusikia ukigonga udongo. Watu walinibeba juu, na kutoka huko juu nilikuona ukiondoka upande wako, naye upande wake.

Nilikusudia kuyafuta maneno yale Jumapili baada ya kanisa. Jumapili nikasema kesho. Jumatatu barua ikaja, jina langu lote limepigwa taipu, nikaona nikifungua mdomo barua itarudi ilikotoka. Nikanyamaza, mimi ambaye hata mazishini sinyamazi. Wacuka akamkataa Gachanja, akaacha chuo, hakuolewa tena. Wewe ukaja kwangu unalia unataka kuhama chuo, nami nikakupokea kama mama, nikakuweka kwenye timu yangu, na Mbithi akakuona pale pale jikoni kwangu. Miaka minane ya ukocha, vikombe vitatu, na kila mwaka nilitaka kukuambia, na kila mwaka ulikuwa umenizidishia wema.

Teresiah, maji. Kidogo tu. Basi.

Mirriam, umeondoa mkono wako mguuni pangu. Ni haki yako. Mbithi, usimwambie mkeo ati mama ni mgonjwa; ugonjwa huu ni wa juzi, uongo ule ni wa siku nyingi. Na usimuulize leo kama anajuta kuolewa hapa.

Asubuhi nilimtuma Teresiah aende Huruma kwa fundi mmoja wa nguo. Fundi huyo ni Wacuka. Yuko hapa kwa jirani, kwa Mama Amolo, anakunywa chai, akidhani ameitwa kunipima nguo ya kuzikiwa. Nilitaka nimwambie mwenyewe, lakini pumzi... pumzi ya kusema mara mbili sina. Kwa hiyo agizo langu ni hili: utamwambia wewe, Mirriam, kwa maneno yako, hata ukinitukana ndani yake. Usimtume Teresiah. Neno hili limeshapita vinywa vingi mno. Asipotaka kuniona, asilazimishwe. Na siku ya kunizika, mtu wa chuo asisimame kusema nilifundisha wasichana kupendana.

Mungu awalinde, wanangu. Awalinde wajukuu wangu, Kilonzo wako, Mirriam, na wadogo zake. Awape watu wa kusemezana nao mpaka... mpaka uzeeni. Wewe pia, Mirriam, ukiipokea baraka yangu. Usipoipokea, nimekuachia hivyo hivyo.

Umesimama. Sikuulizi unakwenda wapi. Mbithi, mpishe.

Ni mlango gani huo umelia? Macho yangu... Ngojeni. Huyo ni Mama Amolo. Anasema, “Karibu, Mama Kilonzo, mbona unalia?”

Sasa nyamazeni nyote. Teresiah, nifunike miguu. Watakayosema kule msije mkanisimulia, na mtu yeyote asiweke sikio ukutani.

Hata mimi. Nigeuzeni upande huu.