Aliyekataa Ufunguo Mmoja kwa Kila Mlango

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1976, kifungua mimba wa muuza kufuli na mshonaji. Mimi mdogo wake nimepewa kazi ya kumweleza, na najua angenisahihisha kila mstari.

Akiwa darasa la tano, aligundua dukani kwamba ufunguo mmoja ulifungua kufuli tatu za boksi jipya. Baba alimkonyeza anyamaze, maana wateja walikuwepo. Yeye ndiyo kwanza akapaza sauti. Boksi zima likarudishwa kiwandani.

Alisomea sheria, kisha usalama wa kompyuta, na mwaka 2003 akaajiriwa makao makuu ya jumuiya ya nchi za kanda yetu. Mwaka 2012 aliingia duka la kamera za ulinzi, akafungua kompyuta yake, na picha ya muuzaji mwenyewe ikatokea humo. Kamera zote zilikuwa na neno la siri moja.

"Mwizi wewe?" muuzaji akauliza.

"Ningekuwa mwizi, ungeniona saa ngapi?"

Yeye na muuzaji huyo walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2013, wakajaliwa mabinti wawili.

Kazi kubwa ya maisha yake ni sheria ya kanda: kifaa cha kidijitali kisiuzwe bila kupimwa na kupewa alama ya ithibati, na kila kimoja kiwe na neno lake la siri. Wafanyabiashara waliomba shehena zilizokwisha kuingia zisiguswe. Shemeji alikuwa mmoja wao.

"Mama watoto, hata mimi?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Hakulegeza kamba, na sheria ikapita Juni 2023. Shemeji alinuna wiki nzima, kisha akaziondoa kamera rafuni kwa mikono yake. Nilimpenda sana siku ile.

Mwaka jana dada alipatikana na saratani ya ini. Shemeji alitaka kuweka kamera chumbani ili yeye akiwa dukani aweze kumwona. Dada hakuweza hata kuinuka, lakini aliuliza, "Ina alama?" Akasogezewa, akaisoma namba yote ya ithibati.

"Haya, weka."

Mchana wa tarehe 6 Mei mwaka huu nilikuwa jikoni nikimkorogea uji, simu ikaita. Shemeji alikuwa analia. "Shemeji, nenda chumbani. Mshike mkono, mimi nakuja." Nikamshika, akakata roho. Hakuna mgeni aliyechungulia chumba kile. Waliomwona ni watu wake tu, na hicho ndicho alichoitafutia kila nyumba.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama yetu na mimi.

Lala, dada. Mlango umefungwa vizuri.