Mshale Uliobaki Chini ya Rangi

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, katikati ya msimu wa mvua, pikapu ya maziwa ilipoacha barabara kwenye kona moja upande wa Lugulu na kuangukia mtaroni. Saa hiyo naijua kwa uhakika kwa sababu saa ya mkononi ya dereva ilivunjika na kusimama hapo. Mimi nilikuwa Kitale, kitandani kwangu, nimelala usingizi mzuri. Watu wameniuliza kama nilihisi chochote asubuhi ile. Sikuhisi kitu.

Mwenyekiti, wanachama wenzangu, na ninyi wageni wetu mliotoka Bungoma, nashukuru kwa nafasi hii. Mmezoea kuniona nimekaa kiti cha nyuma. Leo nimeombwa kusema na mafundi wapya wanaochukua mkopo wa vifaa. Sitataja jina la mtu. Wanaohusika wanajijua, na wa kwanza wao ni mimi.

Wengi wenu hamjui kazi yangu ilianzaje. Shule niliishia darasa la nane. Kuandika mabango ya maduka nilijifunza kwa macho, na habari za vibao vya barabarani nilizisoma katika kitabu kikuukuu nilichonunua kwa muuza magazeti ya kufungia nyama. Kilikuwa cha Kiingereza, nami nilikisoma na kamusi pembeni, kurasa mbili kila jioni, mpaka nikakimaliza. Nikaanza tena.

Miaka ile vibao vilikuwa vinaibwa sana. Mnakumbuka. Unaweka kibao Jumatatu, Alhamisi kimeshayeyushwa, kinauzwa sokoni kama sufuria. Mama mmoja pale anacheka. Pengine ugali wa leo umepikiwa kwenye alama ya kivuko cha watoto. Kibao kipya kilikuwa ghali, na kontrakta wa barabara ndogondogo hakutaka kulipa bei hiyo kila mwezi. Mimi nikamwendea na wazo. Aluminiamu haiozi. Bamba lililogongwa na gari au kufifia kwa jua linaweza kunyooshwa, kusafishwa na kurudi barabarani kwa theluthi moja ya bei. Alikuwa na mabamba ya zamani yamerundikwa nyuma ya stoo yake, yote ya halali, yaliyong'olewa barabara zilipopanuliwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye kosa. Bamba la zamani lina ngozi juu yake, ile karatasi ya rifleta inayong'aa ukiimulika kwa taa ya gari. Kabla ya kuandika kitu kipya lazima ngozi hiyo itoke yote. Unalipasha bamba joto juu ya jiko la makaa mpaka gundi ilegee. Unakwangua polepole usichimbe bamba. Unaosha kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, unapiga msasa, unaosha tena kwa sabuni, unakausha. Ndipo unabandika rifleta mpya, ukiisukuma kutoka katikati kwenda pembeni hewa isibaki ndani. Bamba moja lilinichukua nusu siku. Kitabu changu kilisema wazi, na mstari huo niliupigia wino mwekundu: usipake rangi juu ya rifleta ya zamani.

Kwa miezi minane nilifuata hivyo. Kazi yangu ilisifiwa. Nami nikaanza kujisifu, jambo ambalo halijaandikwa katika kitabu chochote cha vibao.

Kisha ikaja oda ya vibao vya kona, mabamba meusi yenye mshale mweupe. Niliyopewa kutoka kwenye rundo yalikuwa na mshale wa kushoto. Tisa kati yake yalitakiwa kuonyesha kulia. Mtauliza kwa nini nisiyageuze juu chini. Matundu ya bolti yalikuwa upande mmoja tu, na nguzo zilikuwa zimeshasimamishwa. Mvua ilikuwa inanyesha, mabamba hayakauki, na kontrakta akaja mwenyewe Jumatano.

"Fundi, Ijumaa nataka kila kitu barabarani."

Nikamwambia, "Tisa bado. Sijatoa ngozi."

"Ngozi gani tena? Si upake tu juu yake, bana."

"Haifai. Ile ya chini inaweza kuonekana."

Akacheka. "Ati ya chini! Mimi nalipa kile watu wanaona. Nikitaka profesa nitaenda chuo."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: hakunilazimisha. Alinicheka tu, na kuchekwa kukanitosha. Jioni ile nilichukua rangi nyeusi, nikaipunguza kwa mafuta ya taa ili ienee, nikapaka mkono mmoja, yaani tabaka moja tu, kwenye mabamba yote tisa. Kesho yake nikachora mshale mweupe wa kulia. Mama watoto alipita akiwa na ndoo, akasimama.

"Hizi hujazikwangua," akasema.

"Ni za muda tu," nikamjibu.

Vikaenda barabarani Ijumaa. Mchana vilionekana safi kuliko vipya.

Habari ya pikapu ilinifikia siku ya tatu, kwenye duka la rangi. Watu walikuwa wanaisimulia kama kichekesho. Dereva, mgeni wa njia ile, amelazwa hospitali ya misheni, mguu umevunjika mara mbili, lita zote za maziwa zimemwagika mtaroni, na unajua anasema nini? Anasema kibao kilimwambia aende kushoto!

"Na pale kushoto kuna njia ya shamba tu," mmoja akasema. "Tajiri wake ameenda mwenyewe saa nne kuangalia. Mshale ni wa kulia, mkubwa kama ng'ombe."

"Hiyo ni pombe, busaa ya Jumatatu," mwingine akadakia. "Ikikushika, hata kanisa linahama."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika mkebe wa rangi, nikauweka chini, nikatoka bila kununua.

Nilikuwa na kipande kimoja cha bamba la mshale, cha majaribio, kilichopakwa pamoja na vile tisa. Saa saba mchana nilifunga mlango wa karakana, nikaziba dirisha kwa gunia, nikawasha tochi. Mshale wangu mweupe haukuonekana sawasawa, maana rangi yangu haikuwa na mng'ao wowote. Kilichong'aa kilikuwa kichwa cha mshale wa zamani. Kilipenya ile rangi nyepesi, kikasimama pale upande wa kushoto, cheupe, wazi kabisa. Mchana kibao kilisema kulia. Kwenye giza la asubuhi, na ukungu, na taa za gari, kilisema kushoto. Yule dereva hakuwa amelewa wala hakusinzia. Alikuwa ametii kibao.

Natamani niwaambie kwamba nilitoka pale mbio kwenda hospitali. Sikwenda. Nilimwambia kontrakta kuna vibao vina bolti mbovu, nikaenda na spana, nikaving'oa vyote tisa kwa siku mbili, nikavikwangua kama ilivyotakiwa, nikavibandika rifleta na kuvirudisha. Nilijiambia nimetengeneza kosa. Kumbe nilichofanya ni kuondoa ushahidi wa pekee aliokuwa nao yule mtu. Baada ya hapo, hata kama angempeleka tajiri wake pale alfajiri na taa, wangekuta mshale wa kulia unang'aa vizuri.

Nilinyamaza wiki saba. Nilikuwa nasikia habari vipande vipande. Amefukuzwa kazi. Hakuna mwenye gari Bungoma anayemtaka. Mkewe ameanza kulimia watu.

Wiki ya nane, saa tano asubuhi, mtu mwenye magongo mawili alisimama mlangoni pa karakana yangu.

"Mulembe, fundi," akanisalimia. "Samahani kukusumbua. Mimi ni yule dereva wa maziwa."

Nikampa kiti. Mama watoto akaleta chai. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, mwembamba, shati lake limepigwa pasi vizuri. Alikuwa ametoka Bungoma asubuhi hiyo kwa nauli ya kukopa.

"Nimeambiwa wewe ndiye unajua vibao sehemu hizi zote," akasema. "Nina swali moja tu, halafu nirudi. Kibao kinaweza kusema mambo mawili?"

"Mambo mawili vipi?"

"Mimi niliona kushoto. Niliona, fundi, kama ninavyokuona wewe. Lakini kila mtu anaenda pale anaona kulia. Baba yangu ameniambia niombe msamaha kwa tajiri niseme nilisinzia, pengine atanirudisha hata kupima maziwa. Mimi sitaki kuomba msamaha wa uongo. Kwa hivyo nimekuja kwa mwenye kujua. Ukisema haiwezekani, nitaamini."

Mama watoto alikuwa bado amesimama na birika. Mimi nikaangalia chai yangu, nikasema, "Haiwezekani."

 Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya kitu asichoweza kununua.

"Basi nilisinzia," akasema. "Asante, fundi. Umenisaidia."

Akanywa chai yake yote kwa heshima, akachukua magongo, akaenda.

Mtanisamehe, ninywe maji kwanza.

Mama watoto hakupiga kelele. Alikusanya vikombe, akaniuliza, "Baba watoto, ile siku ulifunga mlango mchana ukawasha tochi, ulikuwa unatafuta nini?"

Nikainama kuokota msasa.

"Huyo mtu amekuja na mguu mmoja kutafuta ukweli kwako. Umempa nini?"

"Nikisema, kazi imeisha."

"Kazi iishe," akasema. "Mimi nitauza mboga. Lakini chai ya namna hii sitapika tena."

Kesho yake niliamka mapema, nikachukua kile kipande cha majaribio, nikakifunga kwa gazeti, nikashuka Bungoma. Bodaboda wa baiskeli alinifikisha kwao. Nilimkuta anamenya mahindi na baba yake. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kabla sijapewa kiti, maana nilijua nikikaa nitaanza kupamba maneno. Nikamwambia nilipaka bila kukwangua, nikamwambia niliving'oa, nikamwambia jana nilimdanganya. Baba yake aliinuka. Nilidhani atanipiga, na sikurudi nyuma. Mzee akasema tu, "Wiki nane namwambia mtoto wangu ni mlevi. Wiki nane," akaingia ndani.

Dereva aliniuliza, "Kwa hivyo niliona?"

"Uliona."

Akafuta uso kwa kiganja chenye chenga za mahindi.

Tulikwenda wote watatu, mimi, dereva na baba yake, kwa tajiri wa maziwa. Alikuwa anapokea mitungi, akasema hana wakati. Nikamwomba dakika tano na stoo yenye mlango. Tukaingia, mlango ukafungwa, nikafungua kile kipande, nikamuuliza mshale unaenda wapi. Akasema, "Si kulia, mimi si kipofu." Nikazima taa ya stoo, nikawasha tochi. Akasogea, akakigusa kile kipande. Kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akatoka nje, akawaita wapimaji na madereva wake wote, akawaingiza wawili wawili waone. Kwa kila wawili nilieleza upya kwamba kazi ile ni yangu. Mara ya sita sauti ilikuwa imekauka. Mzee alisimama mlangoni mpaka wa mwisho alipotoka.

Ndugu zangu, ninyi mnaoanza, msifikiri baada ya hapo mambo yote yalikaa sawa. Kontrakta aliniacha wiki ileile, na kwa mwaka mzima sikugusa kibao. Mama watoto aliuza mboga kweli. Dereva alirudishwa kazini, lakini kwa kupima maziwa, kwa sababu mguu ulipona ukiwa mfupi na hauwezi tena kukanyaga klachi ya gari. Aliniambia kitu ambacho siwezi kukirekebisha kwa msasa wala kwa tina. Alisema baada ya lile jibu langu la kwanza, aliporudi nyumbani, alianza kukumbuka jinsi alivyosinzia. Alikumbuka kabisa, macho yanafumba, kichwa kinaanguka. Jambo ambalo halikutokea. Anasema mpaka leo siku nyingine humjia, na inabidi ajiambie upya kwamba aliona.

Amenisamehe, ndiyo. Hunisalimia kwa mkono. Baba yake bado, nami simdai.

Nashukuru watu wachache. Namshukuru mama watoto, ambaye hakupenda nimtaje hata hivi. Namshukuru yule tajiri, aliyetaka niseme mbele ya watu wake badala ya kunong'ona naye ofisini. Siku ile nilimchukia, leo najua alimrudishia dereva wake jina kamili. Nawashukuru ninyi wa chama hiki, mlionipokea nikiwa sina kazi na mkaniuliza swali moja tu, kama nitasema ukweli kwenye fomu. Na namshukuru Mungu kwamba mguu ndio uliovunjika, si shingo.

Somo langu ni la kifundi. Kazi ambayo mteja haioni, ifanye kana kwamba ndiyo pekee atakayoiona. Na ukikosea, mwambie aliyeumia kabla hujatengeneza, maana ukitengeneza kwanza unamwacha peke yake.

Katibu ameniomba niseme, ili iandikwe, kwa kutokwangua vibao vile tisa nilikuwa nimeokoa kiasi gani. Nilipiga hesabu hiyo mara moja tu, jioni nilipotoka Bungoma: makaa, tina, msasa, rifleta ya mishale na kibarua wa siku nne na nusu. Shilingi elfu tatu, mia saba na themanini.