Bi Jedida Aliyekataa Kukeshewa

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema popote mlipo. Leo tunamkumbuka Bi Jedida Kavumbi wa Vitengeni, aliyezikwa Jumamosi. Mama huyu aliacha ombi moja: matanga yake yasikeshewe. Narudia, yasikeshewe.

Kwa nini? Ujana wake wote Bi Jedida aliosha vyombo katika hoteli moja Malindi, zamu ya usiku. Mchana alijilaza, usingizi usije. Presha ikapanda, akaanguka jikoni. Daktari akamwambia, "Mama, mwili una saa yake. Ukifanya usiku kuwa mchana miaka nenda miaka rudi, moyo huchoka kabla ya wakati."

Akaacha kazi. Akarudi nyumbani kuuza mahamri na mbaazi asubuhi. Toka hapo, giza likiingia, naye yuko kitandani. Hata wakwe walipokuja kuzungumzia mahari na maneno yakarefuka, aliinuka akasema, "Wakwe zangu, hao mbuzi tunaowagombania wamelala. Nami nalala." Watu walicheka hadi machozi. Asubuhi wakaelewana kabla chai haijapoa.

Aliishi mpaka akabeba vitukuu. Alipofariki, ombi lile lilimwangukia Damaris, kitinda mimba wake. Damaris si msemaji mbele ya wazee. Na baba yake mdogo, Mzee Ngumbao, alishaita wapiga ngoma wa kukesha.

"Matanga bila kukesha?" aling'aka mzee. "Watu watasema tumemtupa!"

Damaris aliwaza. Akinyamaza, mama atazikwa bila ombi lake kutimizwa. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Sema."

"Kwenye matanga ya marehemu Sanga, jirani yetu, ulikesha siku tatu. Tukakukimbiza hospitali Kilifi, presha juu. Nani alikuuguza?"

"Mamako."

"Sasa mama hayupo. Ukianguka tena, nimwite nani?"

 Mzee akageukia watu. "Haka katoto nani kakafundisha kusema? Haya! Ngoma ni asubuhi. Na asiyecheza, pilau asiione!"

Basi wakacheza, wasikilizaji wapendwa. Wakacheza mchana kutwa, maana usiku walikuwa wamelala wakashiba usingizi. Wajukuu wakamtania mzee, "Babu, kumbe kiuno kilikuwa kinadai usingizi tu!" Damaris akacheka huku machozi yanamtoka. Jua lilipozama, kila mtu akaenda kulala. Naye Damaris akalala fofofo, mara ya kwanza tangu mama augue.

Familia ya Bi Jedida, poleni sana. Mola awape subira.

Nanyi walinzi, wauguzi na wote ambao riziki yenu iko usiku, tunawashukuru. Mkirudi nyumbani, familia ziwafungie madirisha, zinyamazishe watoto, mpate kulala. Lakini sisi wengine tunaokesha na simu mkononi, tunamkeshea nani? Tafakarini. Hata redio hii, izimeni. Mkalale.