Faili Moja Imebaki, Mheshimiwa

Mheshimiwa mstaafu, Wakili Nicanor Wangwe. Mkewe, Mama Valary. Mchungaji Ombati uliyetufungulia kwa maombi. Wawakilishi wadi na machifu mliokaa mbele kwenye viti vyenye vitambaa. Na nyinyi ndugu zangu mliosimama jua likiwachoma tangu asubuhi: nawasalimu nyote.

Mimi ni Orpah Achieng. Wengi mnanijua kama yule mama wa ofisi ya wakili pale Kendu Bay, anayewaambia, "Mheshimiwa hayuko, keti kidogo." Nimesema hivyo kwa miaka kumi. Leo nimepewa dakika tano na nikaambiwa niseme mazuri. Mazuri yapo, nitaanza nayo.

Kabla hajaenda Bungeni, mtu huyu alikuwa wakili, jamani. Kulikuwa na kesi ya mpaka ambayo shahidi wake, mzee mmoja wa Rusinga, alikataa kuja kortini kwa sababu hakuwa na viatu. Wakili alipanda pikipiki kwenye mvua, akamfuata mpaka kwake, akavua viatu vyake akampa. Kesho yake alisimama mbele ya hakimu na malapa. Hakimu akamwuliza, "Wakili, umetoka kuvua samaki?" Akajibu, "Hapana, nimekuja na shahidi." Tulishinda. Nilirudi nyumbani nikijivuna kana kwamba mimi ndiye niliyesomea sheria.

Sasa, mama aliyekaa pale safu ya tatu, mwenye kitambaa cha samawati, ni Mama Rispa wa Kisegi. Mumewe alipofariki, shemeji yake alitaka kuuza shamba lote, hata pale nyumba iliposimama. Wakili, siku ya mazishi ulishika maikrofoni ukatangaza mbele ya kaburi kwamba kesi hiyo utaimaliza wewe mwenyewe. Watu walipiga makofi matangani. Ukaenda Homa Bay, ukapata amri ya korti: mtu yeyote asijenge, asibomoe wala asiuze kitu mpaka kesi iamuliwe. Tukashangilia. Miezi minne baadaye ukachaguliwa.

Amri ile bado ipo. Shemeji hajauza, ni kweli. Lakini Mama Rispa naye hajajenga. Ukuta wa nyuma umeinama, ameuegemeza kwa nguzo, na mvua ikija analala jikoni pamoja na wajukuu. Matofali aliyoyachoma kwa jasho lake yamekaa uani mpaka yameota nyasi. Je, anayemzuia kujenga ni shemeji? Ni sisi, ndugu zangu. Ni barua zangu.

Maana kila tarehe ikifika, uko kamati, uko safarini, uko mazishi ya mtu mwingine. Nami napiga chapa: tunaomba kesi iahirishwe, wakili ana shughuli za kitaifa. Barua kumi na saba! Nilikusihi umpe wakili mwingine faili hiyo. Ukaniambia, "Orpah, ile niliahidi mbele ya kaburi." Nikamsihi Mama Rispa atafute wakili mwingine. Akaniambia, "Nyathina, mwanangu, mtu hawezi kuahidi mbele ya kaburi halafu asije." Nyinyi wawili mmenichosha.

Halafu ukapeleka Bungeni mswada wa kutaka kesi za mashamba ya wajane ziishe ndani ya mwaka mmoja. Mswada mzuri sana. Lakini siku uliyosimama kuuwasilisha, ni kesi ya nani iliyokuwa kortini Homa Bay? Nilikuwa nimeandika barua kwa mkono huu, nikaipeleka mwenyewe: wakili hawezi kufika, yuko Bungeni akitetea haki za wajane. Hakimu aliisoma kwa sauti. Akavua miwani, akamtazama Mama Rispa, kisha akaandika tarehe nyingine. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mheshimiwa, umejenga barabara na madarasa, na watakaosimama baada yangu watayataja, siwanyimi kazi. Mimi nina hasira nawe kwa sababu nakupenda kama kaka yangu, na kwa sababu najua ukiingia mle kortini hii ni kesi ya asubuhi moja. Ungekuwa wakili mbovu ningekata tamaa mapema, nikapumzika.

Kesi itasikizwa Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi. Safari hii huna kamati wala huna ndege ya kukimbilia. Barua ya kumi na nane sijaiandika na sitaiandika, kwa maana mashine nimeifunika na mimi pia leo nastaafu. Wenzangu wamekuletea saa ya ukutani na mbuzi wawili. Mimi nimekuletea faili. Ipokee, nimeipangusa vumbi.

Ahadi uliitoa kwa maikrofoni, mbele ya watu. Maikrofoni ndiyo hii, na watu ndio hawa.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunivumilia juani. Mama Rispa, simama, mama. Wakili anataka kukujibu.