Vile nilifuta kicheko mu kitabu

Banduku ba shirika yetu ya sala, mbele nianze: hii habari, mutaniona sawa mujinga. Mucheke tu. Mama yangu alisha kuwatangulia.

Kazi yangu munaijua, iko ordinatere moja, ile kompyuta, na mashini ya fotokopi, hapa Likasi. Masomo niliishia primere. Sasa kuko grupe ya mu telefone, bantu banafundishana kuandika programu za ordinatere. Balinipa kazi: "Tosha maulizo na majibu yote mu telefone, utie ku karatasi, ufanye kitabu, juu ya bale benye habana mega za internet."

Mu ile grupe kuko desturi. Muntu akijibu ya mchezo, bengine banabandika sura ya kucheka chini yake. Ukiiona, unajua hii ni ya uongo, unapita. Minye vile nilitosha kopi ku mashini, fasi ya zile sura kulikuwa tu tukare tweusi, sawa tusanduku tudogo. Nikasema, huu uchafu ni wa nini? Nikatufuta twote. Kitabu ikatoka safi sawa kanzu ya padri siku ya Pasaka.

Kopi ya kwanza ikaenda mbali kule Kakanda na shofere, kwa dada moja mwenye alikuwa anajifunza. Kesho yake alikuwa na test ya kazi mu biro, na ni ile kazi njo ingelisha batoto bake. Ordinatere hana. Alikuwa na kitabu yangu tu.

Magaribi yaya wa grupe, mukubwa wetu, akakuja kuangalia. Akafungua, anapindua paji.

"Sura za kucheka ziko wapi?"

"Nilisafisha, yaya."

Akanisomea: "Programu yangu inazunguka, haisimame, nifanye nini? Jibu: iache, itachoka yenyewe."

"Sasa haitachoka?" minye namuuliza.

"Haichoke hata siku moja. Weye njo utachoka."

Nawaambia, banduku, mu telefone ukikosea unafuta kwa bote. Karatasi yenye ilisha kufika Kakanda, unaifuta na nini? Nikaita dada: telefone imezimika, kule hakuna kurant ya umeme. Nikaita shofere: "Nilisha kumupa. Alifurahi sana." Ile "alifurahi" njo ilinitosha inje kutafuta muntu wa kunipeleka kule. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara imeharibika, hata bantu ba moto, zile pikipiki, balikatala kwenda. Nikaikala, mikono juu ya magoti, sawa muntu wa matanga.

Kesho yake, mu test, dada akaandika programu yake. Ikazunguka. Akaikala mbele yake, anaingoja ichoke. Bengine banamaliza, banatoka, yeye anangoja. Saa ikaisha. Kazi akapata mwengine, na minye sina namna ya kuirudisha.

Bale ba grupe habakunifukuza. Balikuja ku kibanda yangu, banajaribu kila jibu mu ordinatere, banagombana, yenye haitembee banaikata. Minye nilikuwa naingiza karatasi tu, hakuna kintu nilijua. Nabashukuru. Nashukuru na mama wa shirika mwenye alituletea bukari, ile ugali yetu, hakuuliza tunagombana juu ya nini. Shauri yangu ni ndogo: kintu haujue, usiisafishe.

Kiisha dada mwenyewe akateremuka kutoka Kakanda, kitabu chini ya kwapa. Nikaanza kuomba pole. Akanikata.

"Kitabu ulifanya weye, lakini haukuisoma. Ikala hapa. Tuanze ku paji ya kwanza, shiye babili."