Fundo la Tinga Kai

Wasikilizaji wapendwa, poleni kwa kazi, na mlio vitandani poleni kwa maradhi. Leo tunamkumbuka Tinga Kai, hamali wa soko la Kongowea, mkazi wa Mikindani. Amezikwa Jumamosi. Miaka ishirini na miwili alisukuma mkokoteni. Amekufa hawezi kusimama.

Hapo pa kusimama ndipo penye maneno.

Tinga alikuwa mtu wa mzaha. Mwenye mzigo akilalamika kacheleweshwa, humwambia, "Mzee, panda basi, ufike pamoja na vitunguu vyako." Na alikuwa na fundo lake. Kila hamali pale sokoni ana fundo lake la kamba, ili mzigo ukifunguliwa njiani na kufungwa tena, ajue. Kahaso, mkewe, alilijua fundo hilo. Alfajiri ngapi alimshikia kamba!

Mwaka jana homa ya mapafu ilimwangusha. Akalazwa wodi ya mahututi, mpira kooni, mashine ikimpumulia. Siku ya tatu Kahaso alimkuta msichana mmoja, Winfred, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kamshika mumewe mguu, anaukunja na kuukunjua.

"Mwanangu," Kahaso akamwuliza, "huyu hata pumzi anaazima. Wamfanyisha mazoezi aende wapi?"

"Aende nyumbani, mama. Mguu ukilala wiki mbili, nyama yaisha. Mapafu yatapona, miguu itakuwa imekufa."

Kahaso hakumwamini. Shemeji zake walisema wazi kuwa mgonjwa maskini ndiye wa kujifunzia kazi. Akakaa chonjo. Lakini siku ya sita Winfred na wauguzi wawili walimketisha Tinga ukingoni mwa kitanda, mpira ungali kooni, naye akamkanyaga mkewe kidole. Makusudi. Kahaso alicheka mpaka akalia.

Wiki iliyofuata Winfred akahamishwa. Hakuja mwingine. Lakini karatasi ya kitandani iliendelea kujazwa: mazoezi yamefanywa, asubuhi na mchana. Kahaso akaitazama karatasi, akayatazama mapaja ya mumewe yanavyonywea. Kila jioni alimwosha miguu mwenyewe, akaikunja alivyoona Winfred akifanya. Kumketisha hakuweza, mashine zile si za mtu mmoja. Akimaliza, humfunika miguu kwa leso na kuzifunga ncha zake chini ya nyayo, legelege, kwa fundo la Tinga. Mguu haukunjiki bila fundo kufunguliwa.

Siku nne. Karatasi ilisema mazoezi mara nane. Kila jioni alilikuta fundo vile vile alivyoliacha.

Akaenda kwa msimamizi wa wodi.

"Mama, una shuku sana wewe," msimamizi akamwambia.

"Nimeolewa na hamali," Kahaso akajibu. "Shuku ndiyo iliyotulisha."

Tinga alitoka baada ya wiki tano, kabebwa. Mapafu yalikuwa yamepona. Miguu haikurudi. Miezi tisa alilala godoroni, kifua kikajaa tena. Cheti cha kifo kinasema mapafu. Kahaso anasema miguu.

Sisi hapa hatusahau. Siku wodi ile ilipofunguliwa, tuliahidiwa kwa kipaza sauti kwamba hakuna mgonjwa atakayekosa mtu wa mazoezi ya viungo. Utepe ulikatwa, mkasi tuliuona. Tumeandika barua tatu kuuliza ni nani aliyeijaza karatasi ile. Hatujajibiwa.

Jumamosi mahamali walimpeleka Tinga kwa mkokoteni wake. Kahaso ndiye aliyelifunga jeneza kamba. Walipofika kaburini aliwazuia, akainama, akalikagua fundo. Kisha akasema, "Haya, fungueni."

Pole Kahaso, poleni watoto, poleni mahamali wote wa Kongowea. Nawe msikilizaji, mwenye mtu wako mle ndani leo, hebu litafakari hili kabla hujaenda kumwona. Usiridhike na karatasi. Uliza ni nani aliyemkunja miguu leo, kwa jina. Kisha sema aitwe, umwone.